Kidole cha Kumi na Saba

Nchi hii haipo. Isemwe mapema, kwa sababu kila inaposimuliwa hakosi mtu wa kuinuka kwenda kufunga dirisha, na mwingine wa kuuliza kwa sauti ya chini ni mkoa gani hasa. Hakuna mkoa. Mipaka yake haijachorwa popote, na wimbo wake wa taifa haujatungwa, ingawa wananchi wake wakiusikia husimama wima.

Katika nchi hiyo mtu peke yake hakuwa kitu. Kitu kilikuwa kikundi. Bomba lilifunguliwa kwa Kikundi cha Watumia Maji, soko kwa Kikundi cha Wanunuzi, na mabenchi ya bustani ya jiji kwa Kikundi cha Waliochoka. Kila palipokuwa na mlango alikaa bawabu, na mbele ya bawabu ulikuwa unajitaja: "Mimi ni wa Raia Wema, ni wa Wapiga Makofi, ni wa Wasindikiza Misafara," na kuendelea, kwa kufuata umri wa vikundi, kikongwe kwanza na kichanga mwisho. Bawabu akisikia kikundi chenye mlango wake, alifungua. Asipokisikia hakufungua, wala hakusema kwa nini. Kueleza ilikuwa kazi ya Kikundi cha Waelezaji, ambacho kilikuwa bado hakijasajiliwa.

Vikundi vya mtu vilishonwa kama beji kwenye mshipi mpana uliovaliwa kutoka begani hadi kiunoni. Siwema, dobi wa mtaa wa Mabanda ya Juu, alikuwa na mshipi mzito kiasi kwamba akiinama kupiga pasi ulimchapa goti. Beji zote hizo hakuomba hata moja. Alitiwa kwenye Wanaoshukuru Barabara kwa sababu mtaa wao uliahidiwa barabara, na Serikali ikaona shukrani itangulie. Alikuwa kwenye Watumia Maji na pia kwenye Wasubiri Maji, maana bomba lilikuwepo, ila maji yalikuwa njiani. Mumewe alipochukuliwa na mafuriko, aliingizwa kwenye Waathirika wa Mafuriko. Mwaka uliofuata mvua haikunyesha kabisa, akaongezwa kwenye Walionusurika na Mafuriko, na akapigiwa makofi na kikundi kinachohusika.

Kwa jumla zilikuwa beji kumi na sita. Siwema alizitaja kila siku bila kufikiri, kama mtu anavyokohoa. Milango yake ilifunguka. Alikuwa na pasi yake ya mkaa, wateja wake, na binti yake mmoja aitwaye Tunu, mwenye miaka minane na jino moja pungufu. Hakuwa na neno na Serikali.

* * *

Tunu alianza kulalamika tumbo akiwa shuleni. Walimu walipomrudisha nyumbani alikuwa amejikunja upande wa kulia na jasho linamtoka. Siwema alimbeba mgongoni hadi hospitali kuu, na pale mlangoni pa Wodi ya Watoto akapokelewa na muuguzi, Sista Yusta, mwanamke mrefu mwenye haraka.

"Mlaze hapa kwenye machela. Mtoto anapita mlango wa mizigo," Sista alisema. "Wewe utapita huu wa watu."

Mtoto wa nchi ile, mpaka afike miaka kumi, alihesabiwa mzigo wa mzazi wake. Hakuwa na mshipi, hakujitaja popote, alipita alikopita kwa mgongo wa mwingine. Kwa hiyo Tunu akasukumwa ndani pamoja na katoni za sabuni.

Haukupita muda Sista akarudi. "Mama Tunu, daktari kamwona. Ni kidole tumbo, kimevimba vibaya. Inabidi akatwe, na asikae mpaka kesho jioni. Kikipasuka humo ndani, itakuwa habari nyingine."

"Basi mkateni, Sista. Mnangoja nini?"

"Tunakungoja wewe. Daktari hashiki kisu mpaka mzazi asimame kando ya kitanda na kumshika mgonjwa mkono. Ndiyo sheria."

Hiyo ilikuwa sheria nzuri. Labda ndiyo pekee. Mtu fulani aliyeitunga, zamani, bila shaka alikuwa na mtoto.

Mlango wa wodi ulikuwa wa Kikundi cha Wazazi wa Wagonjwa. Siwema alielekezwa dirishani kwa fundi wa beji, mzee mpole mwenye sindano mdomoni, na fundi akamshonea beji mpya papo hapo, nyekundu, yenye picha ya mkono umeshika mkono. "Pole kwa kuuguliwa na mtoto," akamwambia. Hakuna kitu kilichokuwa rahisi katika nchi ile kama kuingizwa kikundini.

Bawabu wa wodi aliitwa Sudi. Alikaa kwenye kigoda, pekupeku kama mabawabu wote walivyokaa wakiwa zamu, na vidole vinne vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kitambaa cheusi. Siwema akasimama mbele yake, akajitaja. Sudi akakunja kidole kimoja kwa kila kikundi, mikono yote miwili, kisha akaanza kutikisa vya miguu. Wapiga Makofi, Wanaoshukuru, Wasubiri Maji, wote wakapita. Siwema akafika mwisho kwa pumzi moja: "Na ni wa Wazazi wa Wagonjwa!"

Sudi alikuwa anatazama dari.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, kaka."

"Haya. Pole sana, dada." Na mlango ukabaki umefungwa.

Siwema akajitaja tena, kwa sauti zaidi. Akajitaja mara ya tatu huku amemwekea beji nyekundu karibu na pua. Akajaribu kuanza na hiyo ya mwisho, Sudi akampungia mkono kwa upole: kikundi kichanga hakitangulii wazee, aanze upya. Akaanza upya. Sasa alikuwa anamtazama Sudi usoni, na ndipo akaona. Mpaka kikundi cha Walionusurika, Sudi alikuwa mtu anayesikiliza. Baada ya hapo macho yalizimika, kama duka lililofungwa mwenyewe yumo ndani.

"Kaka Sudi," alisema, "hicho cha mwisho hukukisikia?"

"Cha mwisho kipi?"

"Hiki nilichokitaja sasa hivi!"

"Dada yangu," Sudi akasema, na hakuwa na ubaya wowote usoni, "vidole vimekwisha."

* * *

Hapa inafaa kueleza habari ya vidole, ingawa kila mtoto wa nchi ile aliijua na hakuna mtu mzima aliyeifikiria.

Muasisi wa nchi, ambaye sanamu yake ya mjini imechongwa miguu kwa uangalifu mkubwa, ndiye aliyekuwa bawabu wa kwanza wa mlango wa kwanza. Hakusoma, na haikuwa aibu. Alihesabu kwa vidole. Lakini huko porini wakati wa mapambano, funza walikuwa wamemmalizia vinne vya mguu wa kushoto. Akahesabu kumi vya mikono, sita vya miguu, na hapo hesabu ikakoma. Kilichozidi hapo hakukisikia. Alipofariki, Bunge likapitisha kwa kauli moja kwamba hakuna bawabu atakayesikia zaidi ya Muasisi. Mabawabu wa sasa wana vidole vyote, lakini wakiingia zamu hufunga vinne kwa kitambaa cheusi, kwa heshima, na kilichozidi hapo hawakisikii. Si kwamba wanakikataa. Kukataa kungehitaji kukisikia kwanza.

Vitambaa hivyo vyeusi vilifuliwa na kupigwa pasi Mabanda ya Juu. Siwema alikuwa amevinyoosha kwa mikono yake miaka na miaka, akivikunja viwili viwili, akijiuliza tu kwa nini vinanuka kiasi kile.

* * *

Ikiwa vidole ni kumi na sita, na vikundi ni kumi na saba, hata dobi anajua la kufanya: apunguze kimoja. Siwema alikimbia dirishani kwa fundi.

"Fumua kimoja, mzee wangu. Chochote. Fumua hiki cha barabara."

Fundi alitoa sindano mdomoni. "Wanaoshukuru Barabara? Hao huwezi kuwatoka mpaka barabara ije. Utakuwa umekosa shukrani."

"Basi Wasubiri Maji."

"Wanatakiwa wakae kikao, wote, na mwenyekiti aridhie. Mwenyekiti wao alifariki."

"Nini kilimuua?"

"Kiu, wanasema. Ni maneno ya watu tu."

"Wapiga Makofi?"

Fundi akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mwanangu, hilo usilirudie."

Wakapitia na vingine vyote, kikabaki Kikundi cha Kufa na Kuzikana, na hicho kila mtu alijua kinavyotokwa. Siwema akaegemea dirisha, akaanza kulia bila kujificha. Alikuwa na hasira, na hasira haikuwa na mtu wa kumkalia; kila aliyekutana naye alikuwa mpole.

"Mimi mkono wangu mwepesi," fundi alisema. "Uzi mmoja nauvuta, beji hiyo chini. Ila lazima nipate neno la Waziri mwenyewe. Na bahati yako, kesho asubuhi anakuja hapa kuzindua rangi ya ukuta."

Siwema alikaa nje ya wodi mpaka kukapambazuka. Mara moja tu alisikia, au alidhani amesikia, sauti ya Tunu ikimwita, na akaita "Nipo, mwanangu, nipo hapa mlangoni!" Sudi alitazama pembeni. Hilo alilisikia.

* * *

Mheshimiwa Lukindo, Waziri wa Uanachama, alifika na msafara, wasindikizaji, makofi na wapiga picha. Ukuta ulikuwa wa buluu, haujakauka. Alikuwa katikati ya hotuba Siwema alipojipenyeza na kuanguka mbele ya viatu vyake.

"Mheshimiwa baba, mwanangu anakufa humo ndani. Nina vikundi kumi na saba. Sema neno moja tu, fundi afumue kimoja."

Walinzi wakamrukia, lakini Waziri akainua mkono. Aliona kamera zimegeuka. Uso wake ukalainika taratibu, kama samli juani.

"Mwacheni! Mwacheni mama huyu!" akasema. "Ndugu wananchi, mnaona? Kuna nchi, sizitaji, mwananchi wake hana kikundi hata kimoja. Anatembea mtupu kama kuku aliyenyonyoka. Sisi hapa mama wa kawaida kabisa, dobi, analia kwa kuwa na vikundi vingi! Nani kati yenu aliwahi kuona mtu analia kwa shibe?"

Makofi.

"Bawabu ana vidole," Waziri akaendelea, "lakini Serikali ina moyo. Na moyo hauna idadi! Mama, unataka kuwa Mzazi wa Mgonjwa?"

"Tayari ni mzazi, baba. Nataka tu—"

"Utakuwa! Leo hii, kwa mkono wangu mwenyewe!"

Fundi wa beji alikuwa amesogea na mkasi wake mdogo. "Mheshimiwa, ni kazi ndogo tu. Nafumua kimoja hapa chini, kwa ruhusa yako..."

"Kufumua?" Waziri akamtazama kama aliyetajiwa tusi. "Kufumua ni kubomoa, mzee. Serikali hii haibomoi."

"Basi, Mheshimiwa, ushike hata sindano, ionekane umeongeza, nami nivute uzi huku chini—"

"Mimi nishike sindano?" Wasaidizi wakacheka kabla yake, kisha pamoja naye.

Sasa, sheria ya nchi ile ilijua njia mbili za kumwingiza mtu kikundini. Ya kwanza ni kushona: beji inaongezwa juu ya zilizopo, na ni kazi ya mafundi. Ya pili ni kuvika: mtu anavuliwa mshipi alionao na kuvikwa mpya wenye beji ile tu anayopewa. Kuvika kulikuwa kwa mabalozi, mashujaa na maiti wa heshima, watu ambao hawatahitaji tena kuingia sokoni. Lakini kuvika kunapendeza kwenye picha. Waziri alikuwa hajawahi kushona chochote, na tangu ashike wizara ile kila aliyemwonea huruma alimvika.

Akauvua mshipi wa Siwema kwa mikono miwili, ule mzito, akampa msaidizi. Akaletewa mpya, mweupe, laini, wenye beji moja nyekundu katikati. Akamvika. Siwema alihisi bega limekuwa jepesi ghafla, na kwa ujinga wa furaha akambusu Waziri mkono. Picha hiyo ilitoka kwenye magazeti yote. Fundi peke yake hakupiga makofi. Alirudisha mkasi mfukoni na kwenda zake dirishani.

* * *

"Mimi ni wa Wazazi wa Wagonjwa!" Siwema alisema mbele ya Sudi. Kikundi kimoja, kidole kimoja. Aliweza hata kutabasamu.

Sudi alikunja kidole, akatazama mshipi, akakikunjua tena. Kwa mara ya kwanza alionekana kuumia.

"Dada, nauona. Kwa macho yangu nauona, na nimefurahi. Ila sheria haijauona."

"Una maana gani?"

"Mshipi mpya hausomeki mpaka mwenye nao atoke nje ya nchi na kuingia upya. Kisheria bado umevaa ule wa zamani. Nikikutazama kisheria, naona beji zako zote kumi na saba zinaning'inia."

Siwema alimtazama. Kulikuwa na jambo alitaka kulisema, la kizazi cha Sudi na cha Muasisi pamoja na vidole vyao, lakini mlango wa wodi ulifunguka kidogo na Sista Yusta akatoa kichwa.

"Mama Tunu, homa imepanda. Daktari anasema mchana huu, basi."

"Daraja la mpakani liko mbali?"

"Ukipata gari, utawahi," Sista alisema. "Kimbia."

Alipata lori la mkaa. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi akajitaja vile vikundi vya zamani ambavyo begani hakuwa navyo tena, na mabawabu wakavisikia vyote na kufungua bila shida. Kwenye daraja pia, bawabu, mwanamke mnene mwenye sauti ya usingizi, alisikia "Raia Wema" tu na kusukuma lango. Siwema akavuka mbio.

Nchi ya jirani haikuwa na habari na mishipi. Askari wake walikuwa wamezoea: watu hutoka ng'ambo, huzunguka nguzo ya bendera, hugeuka kurudi kwao. Nyasi zilikuwa zimekufa kuizunguka nguzo ile. Siwema akaizunguka bila hata kusalimia, akarudi langoni akihema.

"Mimi ni wa Wazazi wa Wagonjwa."

Bawabu akakunja kidole kimoja. Akangoja. "Endelea."

"Nimemaliza."

"Daraja hili ni la Raia Wema, dada."

"Mimi ni raia! Si wewe umenifungulia sasa hivi?"

"Niliyemfungulia alikuwa raia," bawabu alisema. "Yule ametoka. Wewe uliyekuja sikujui."

Siwema alishika nondo za lango akazitikisa. Alimwita bawabu dada, akamwita mama, mwisho akamwita jina ambalo halifai kuandikwa, na bawabu hakukasirika kwa lolote. Ndipo nyuma yake akasikia mtu anauliza:

"Na wewe ulivikwa na Waziri mwenyewe?"

Akageuka. Chini ya daraja, kwenye kivuli, walikuwa wamekaa watu, wanaume kwa wanawake, chungu kimoja kikichemka katikati yao. Wote walivaa mishipi myeupe. Kila mshipi ulikuwa na beji moja nyekundu.

"Ndiyo," Siwema akasema.

"Hongera," akasema yule mtu, na wachache wakacheka kicheko ambacho hakuna ambaye angependa kukisikia mara mbili.

* * *

Jua likapita utosini. Likaelemea upande. Siwema alisimama langoni mpaka kivuli cha nondo kikamchora mistari mwilini. Alijua saa aliyopewa imekwisha. Alijua kidole tumbo kinafanyaje kikiachwa. Kumbukumbu moja haikumwachia: asubuhi ile kabla ya shule alimgombeza Tunu kwa kumwaga maji ya kufulia, na hakuwa amemwambia kwamba yamekwisha, hana neno naye.

Siku zikapita. Walikula walichogawiwa na wale askari wa jirani, ambao hawakuelewa lolote ila njaa. Kulikuwa na mwanamume kijana, Mrisho, ambaye mwanawe alikuwa wodini na mguu uliovunjika vibaya. Alikaa muda wote uso ukiwa umetazama barabara ya mjini. Redio ya askari mmoja ilishika stesheni ya nyumbani, na jioni moja wakamsikia Waziri Lukindo.

"Tangu tuanze utaratibu wetu wa moyo," alisema, "msongamano wa wazazi mlangoni pa wodi umekwisha kabisa. Wiki hii nzima, nawaambia kwa fahari, hakuna mzazi hata mmoja aliyekataliwa!"

Makofi yakasikika redioni. Chini ya daraja mama mmoja alianza kupiga pia, kwa mazoea, kisha akaitazama mikono yake na kuiweka chini.

* * *

Asubuhi moja Siwema aliwaona watu wawili wakija polepole barabarani, mrefu na mfupi. Mrefu alikuwa Sista Yusta. Mfupi alitembea ameinama kidogo, kama mzee anayebeba kitu chepesi ambacho hapendi kimwagike. Siwema alijua ule mwendo si wa mwanawe, na alijua ni mwanawe. Akakaa chini, akalia mbele za watu wote.

Tunu alikuwa hai. Alikuwa amekonda, na alivaa mshipi. Mshipi wa mtu mzima, uliofungwa fundo begani ili usiburure. Ulikuwa na beji mbili.

"Tulikungoja mpaka kijana wa dawa ya usingizi akaanza kulia," Sista alisema kupitia nondo, haraka haraka, kama anayetubu. "Ikabidi nifikiri. Mtoto hana vikundi. Vidole vyote vya Sudi viko wazi kwake. Na ile sheria ya kutoka na kuingia ni ya watu waliokwisha kuingia. Mtoto kabebwa maisha yake yote, kisheria hajaingia popote. Nikamleta mlangoni kwa miguu yake, maana anayetembea mwenyewe si mzigo, fundi akamshonea. Raia Wema, kwa sababu ndiyo ya kwanza kwa kila mtu. Na Wazazi wa Wagonjwa."

"Mzazi wa mgonjwa gani?" Siwema aliuliza.

"Wa Tunu," Sista akasema, akatazama chini.

"Nilijitaja mwenyewe, Mama," Tunu alisema. "Nilisimama hivi. Sudi akafungua. Halafu nikapanda kitandani."

"Na mkono? Nani alikushika mkono?"

Mtoto akamwonyesha. Akachukua mkono wake wa kushoto kwa mkono wake wa kulia, vidole ndani ya vidole, akaubana. "Hivi. Daktari akasema sawa."

Mrisho alikuwa amesogea langoni. "Sista, wangu mimi... yule wa mguu. Naye mmemfanyia hivyo?"

"Ana umri gani?"

"Hajaanza kusema."

Sista Yusta aliinamia ukingo. Alitazama maji yakipita chini ya daraja, na Mrisho naye akageuka akayatazama, na wote wawili wakawa wanayatazama kama kuna kitu kimeangukia humo.

Tunu alikuwa ameshamgeukia bawabu. Alijitaja, vikundi viwili, bila kukosea. "Nimekuja kumkaribisha mgeni," akasema.

Ilikuwa kweli: raia mwenye mshipi aliweza kuingiza mgeni. Bawabu akasinzia kidogo, akazinduka. "Mgeni ni nani kwako?"

"Mama yangu."

"Mama yako kisheria ni wewe."

Tunu akafikiri. Alikuwa na miaka minane. "Basi ni mgeni tu," akasema.

Lango likafunguliwa kiasi cha mtu mmoja. Bawabu akamsomea Siwema sheria ya wageni, ambayo nchi ile, kwa kuheshimu mila, iliipokea kama ilivyo: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu anapewa jembe. Jembe lingekuja na beji ya Kikundi cha Washika Jembe, na baada ya hapo, alisema bawabu akipiga mwayo, mambo yatajiongeza yenyewe. Nyuma yao walioko chini ya daraja walikuwa wamesimama wote, kila mmoja akiita jina la mtoto. Tunu alisimama akayasikiliza majina yale mpaka mwisho, hata yalipovuka kumi na sita, kisha akaanza kutembea.

Waliongozana kurudi mjini, Sista mbele. Siwema alitaka kumbeba mgongoni, Tunu akakataa. Alisema nyuzi za tumboni bado hazijatolewa. Siwema alitaka kumwambia habari ya yale maji ya kufulia, kwamba yamekwisha, na akamwambia, na Tunu akasema "Yapi?" kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu aliyetoka mbali. Wakafika penye kizuizi cha kwanza. Bawabu mwenye kitambaa cheusi mguuni alikuwa anawangoja. Siwema aliona bega la mwanawe limekaza, akajua anaogopa, akanyoosha mkono amshike kama siku zote walipokaribia mlango.

Hakupata pa kushika. Mikono yote miwili ya Tunu ilikuwa imeshikana.